Kadi yenye pindo, mji na jina

Shangazi alinipigia simu saa moja na nusu asubuhi, sijapiga hata mswaki. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, ile marahaba fupi ambayo ukiisikia tu unajua kuna kesi.

"Mwanangu, nikuulize. Hii kadi mmeniandikia mimi, au mmewaandikia watu wote?"

"Ya watu wote, shangazi. Kadi 120, zote zimeandikwa hivyo hivyo."

"Haya," akasema. "Nimeisoma." Simu ikakatika.

Nilikuwa nimeihangaikia kadi hiyo wiki tatu, na mpaka asubuhi ile nilijiona fundi.

Mama alikuwa anafikisha miaka 60 mwezi wa tano. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa mtumishi wa serikali 60 ndiyo kustaafu kwa lazima: unakabidhi chaki unarudi nyumbani. Sisi watoto tukaona tufanye shughuli moja, ya kuzaliwa na ya kustaafu, tufunge hesabu. Siku hizi Dar es Salaam ukialikwa mahali swali la kwanza ni rangi. Rangi gani? Bluu ya bahari, pichi, zambarau. Kuna mwaka karibu kila shughuli niliyokwenda ilikuwa dhahabu na nyeupe, mpaka ukumbi ukaanza kuchanganya maharusi. Dada yangu alitaka kijani cha zumaridi. Mama akasema yeye hana nguo ya kijani cha zumaridi na hanunui uzeeni, ila kanga anazo sanduku zima. Mjadala ukaishia hapo. Sherehe ikawa ya kanga.

Sanduku lenyewe ni la bati, lilitoka Tanga na bibi. Mama mambo hayakumbuki kwa mwaka, anayakumbuka kwa kanga. Muulize kaka yetu alizaliwa lini, kwanza atakutajia aliyojifunga siku hiyo, yenye korosho nyekundu, ndipo tarehe ifuate. Akifungua sanduku harufu ya udi inatoka kabla ya nguo. Nikasema basi, kama sherehe ni ya kanga, kadi nayo iwe kanga. Si kadi yenye picha ya kanga pembeni. Kanga yenyewe.

Nilianza vibaya, kama wengi tunavyoanza, kwa kufungua Canva, ile programu ya kuchorea kadi, na kutafuta ya kuiga. Nikaandika Afrika. Ikaniletea twiga, vinyago, na mti wa mgunga jua likizama nyuma yake. Mama twiga amemwona Mikumi, kupitia dirisha la basi, na hakumfurahia sana. Nikafunga kompyuta, nikachukua kanga moja sandukuni, nikaitandaza sakafuni na kuipima kwa futi ya cherehani.

Kanga ni urefu wa sentimita 150 hivi, upana 110. Inazidi kidogo au kupungua, kwa kutegemea kiwanda na mkono wa aliyekata. Nikagawanya kwa kumi: 15 kwa 11. Halafu nikapima karatasi ya A6, ile ya robo ya A4, ambayo ndiyo kadi ya kawaida ya mwaliko: 14.8 kwa 10.5. Nilibaki nimepiga magoti nikicheka peke yangu. Kadi ya mwaliko ni kanga iliyopunguzwa mara kumi, na hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Kuanzia hapo kazi ikawa kufuata nguo. Kanga ina vitu vitatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ambao ni ile sehemu ya katikati, na jina, yaani yale maneno. Ukikosa kimoja una kitambaa tu. Kitenge hakina pindo wala jina, ndiyo maana kwenye kadi niliandika "Vazi: kanga, si kitenge," na bado walikuja wa vitenge saba. Pindo la kanga si uzi mwembamba wa mapambo. Kwenye ile niliyoitandaza lilikuwa karibu shubiri nzima kwa upana. Kwenye kadi nikalipatia upana wa sentimita moja na nusu kila upande. Mjini nikatia korosho mbili kubwa zinazoangaliana, na nukta nyeupe nyingi nyuma yake, kwa sababu nukta ndizo zinazosemekana kuipa nguo hii jina la yule ndege, kanga mwenyewe mwenye madoa. Rangi tatu tu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, rangi za kisutu, kanga ya bibi harusi. Dada akasema mama haolewi. Mama akasema mwacheni.

Kwa maandishi nilitaka kujipendekeza. Nikachagua herufi zile za mkono, zenye mikia, kama za kadi za harusi. Haikuwa kanga tena. Ilikuwa boksi la keki. Jina la kanga huandikwa kwa herufi kubwa, nene, zimesimama wima kama wanafunzi mstarini, mara nyingi bila nukta mwishoni, ndani ya kisanduku chembamba karibu na pindo la chini. Nilipoziweka hizo, kadi ikaanza kusema. Chini yake, kwenye kanga nyingi, kuna maandishi madogo ya mwenye mali. Mama ana moja ya Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa, yenye zile herufi maarufu K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Mahali pale pa mwenye mali ndipo nilipoweka namba ya simu ya kuthibitisha kuja. Najivunia hilo kuliko yote, na hakuna hata mgeni mmoja aliyeligundua.

Habari nyingine zote, tarehe, mahali, saa, nikazipeleka nyuma ya kadi. Saa niliandika saa 8 mchana, maana nilitaka watu saa 10. Mnajuana.

Likabaki jina.

Hapa nilitumia siku nne, na ningetumia arobaini ingekuwa nafuu. Nilikaa na sanduku nikisoma moja moja. Kuna majina ya kubembeleza, kama Nani kama mama. Kuna ya kumwachia Mungu. Kuna ya mtu aliyekuwa na hasira siku ya kununua: Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake. Hiyo mama hajawahi kusema alimnunulia nani, lakini imechakaa. Kuna Japo sipati tamaa sikati, ambayo dada alitaka tuiweke kwa utani, baba akakohoa. Maneno kwenye nguo hii yana umri. Wanawake wa pwani katika karne ya 19 walikuwa wakinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wanakata tatu tatu, wanaunga vipande viwili inakuwa nguo moja ya kujifunga. Mombasa mpaka leo wanaiita leso. Maandishi yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu hizi za Kilatini. Tangu hapo mwanamke anaweza kukusema kutwa nzima bila kufungua mdomo. Anapita tu na ndoo yake.

Mimi hayo yote niliyajua. Niliyajua kama mtu anavyojua kuwa bahari ina papa. Nikachagua Wema hauozi. Ni maneno safi, mafupi, yanajaa vizuri kwenye kisanduku, na mama amefundisha watoto wa watu miaka 35. Nani atakataa?

Nikapeleka kazi kwa mchapaji, Kariakoo. Kijana wa pale aliitazama kwenye skrini, akavuta hewa kwa meno. "Dada, mpaka huu utatusumbua." Sikumwelewa. Akanieleza: kadi zinachapwa kadhaa kwenye karatasi moja kubwa, halafu zinakatwa kwa mashine, rundo zima kwa mkupuo. Kisu kikihama milimita mbili, kwenye kadi ya kawaida huoni. Kwenye kadi yenye pindo pande zote nne utaona, kwa sababu jicho linalinganisha kushoto na kulia. Ushauri wake ulikuwa rangi ya pindo imwagike nje ya mstari wa kukatia, milimita tatu kila upande, na pindo lisiwe jembamba, maana pindo la milimita tano likiliwa mbili limekwisha, la kumi na tano likiliwa mbili hakuna anayejua. Kwa hiyo yule aliyechora kanga ya kwanza yenye pindo la shubiri, sijui kama aliwaza visu, aliniokoa.

Nyekundu ndiyo iliyonishinda. Kwenye simu ilikuwa inawaka kama pilipili. Kwenye karatasi ikatoka ya tofali. Skrini inatoa mwanga, wino hautoi, na hilo huwezi kumbishia. Tulichapa sampuli nne, mimi nimeshika kona ya kanga mkononi nikilinganisha mlangoni pa duka kwenye jua, wapita njia wakidhani nauza. Ya nne ikakaribia. Karatasi tulichukua nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, isiyong'aa, kwa sababu kanga haing'ai, labda siku ya kwanza kabla ya kufuliwa.

Kisha yakaja ya kadi moja na mbili. Asiyekaa Tanzania aelewe kwamba kadi zetu huandikwa mtu mmoja au wawili, na mlangoni kuna kijana wa kuhakiki. Ukija na jirani yako kwa kadi ya mtu mmoja, jirani anabaki nje na zawadi yake mkononi. Kawaida inaandikwa kwa neno dogo kona ya juu. Lakini kanga haiuzwi moja, inauzwa doti: mbili zimeungana, unakata mwenyewe nyumbani, unapeleka zikapindwe. Nikarudi kwenye hesabu. A4 ukiikata katikati kwa urefu unapata kipande cha sentimita 29.7 kwa 10.5. Hiyo ni A6 mbili zimeshikana ubavu kwa ubavu. Hiyo ni doti! Basi waalikwa wawili wakapata doti isiyokatwa, imekunjwa katikati ikaingia bahasha ile ile, na mlangoni tukamweka binamu yangu na mkasi. Anakata, nusu anabaki nayo, nusu anakurudishia. Wazee walilipenda hilo kuliko keki. Mzee mmoja alikataa ya kwake isikatwe, akasema doti ya mke wake anakata mke wake. Ikabidi apite hivyo hivyo.

Wanaume walinitesa kidogo. Mjomba alipiga kuuliza, je, atajifunga? Kadi ya vazi isipowataja wanaume kwa jina lao wanakuja na suti ya kijivu. Nikaongeza mstari: shati, kofia au kitambaa cha mfukoni cha kanga. Mafundi wa cherehani mtaani kwetu walipata kazi mwezi ule.

Kuandika majina juu ya bahasha nilimwachia mama, kwa mwandiko wake wa ubaoni, na ndipo nilipoona kwamba kadi yangu ni nusu tu ya mwaliko. Huyu ni Mwalimu, usimwandike Bi. Huyu amerudi Makka, ni Hajati. Hawa wameachana, kila mmoja bahasha yake na wasipelekewe siku moja. Huyu andika "na familia", ana wajukuu anaolea. Jioni tatu nzima. Watu wa makamo na wazee wapelekewe mkononi, alisema. Vijana na walio mbali watumiwe kwenye simu.

Ya simu niliitengeneza tofauti. Kanga imelala, simu imesimama. Ukiweka kadi iliyolala kwenye simu inakuwa kama stempu. Nikaweka mbili, moja juu ya nyingine, kama zimeanikwa kwenye kamba, ya juu ina jina, ya chini ina habari. Na kama utatuma WhatsApp, itume kama faili, usiitume kama picha, la sivyo inabanwa na zile nukta zote ulizochora usiku zinakuwa uji.

Faili hilo niliwatumia vijana kumi na wanane. Mmoja wao alilirusha kwenye kundi la ukoo saa nne usiku. Shangazi alikuwa hajapata ya karatasi. Bahasha yake ilikuwa mezani, imeandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko zote, ikisubiri Jumamosi. Kosa la kwanza hilo, kadi kumfikia dada wa mume kundini, sawa na vijana. La pili sikulijua mpaka nilipomweleza mama ile simu ya asubuhi.

Alikuwa anachambua choroko. Hakuinua kichwa.

"Jina umeandika lipi?"

"Si uliliona, mama. Wema hauozi."

"Nililiona. Nilijua litafika tu."

Akanisimulia kwa kifupi, kama anayetaja bei. Mwanangu unajua binamu yako mkubwa alisoma wapi? Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne niliilipa mimi, kwa mshahara wa mwalimu, shangazi yako alipokuwa hana kitu. Sijawahi kulitaja. Yeye naye hajawahi. Tumekaa hivyo miaka yote tukiheshimiana. Sasa amefungua simu usiku, anakuta kanga yangu imeandikwa Wema hauozi, na watu wote wa ukoo wanaona.

Nikajitetea kwamba jina ni la wote. Akaacha choroko.

"Kanga ukimpa mtu anasoma jina kabla hajashika nguo. Anauliza, mimi nimefanya nini? Wewe umewapa watu 120 kanga moja. Kila mtu atajisomea yake."

Na ndivyo ilivyokuwa. Wiki ile walinipigia watu ambao sikuwatarajia. Mama mmoja jirani alilia, akasema hakujua kama mwalimu bado anakumbuka ule uji. Uji gani, sijui. Mwanafunzi wake wa zamani, sasa mtu mzima na kitambi, aliniomba namba ya mama akaongea naye dakika arobaini. Fundi wetu wa bomba alipiga kuomba muda kidogo, mpaka mwisho wa mwezi, na mama alipoulizwa akasema hamdai chochote, labda anamdai Mungu. Kadi ya bluu ya bahari yenye herufi za dhahabu isingefanya hivyo. Ungeangalia tarehe, ukaiweka juu ya friji.

Nilitaka nichape upya. Dada alipendekeza kibandiko juu ya jina, na hapo ndipo ingekuwa balaa, kwa maana kila mtu angekikwangua. Mama akakataa vyote. Jumamosi alivaa baibui, akachukua bahasha ya shangazi, akapanda daladala ya Temeke. Nikamwuliza kama nimpeleke na bajaji. Akasema bibi yako Tanga alikuwa akialika kwa miguu, nyumba hadi nyumba, bila karatasi yoyote, anakaa, anakunywa maji, anasema neno lake, anaondoka. Hawakuwa wanaandika kwa sababu waliogopa hayo hayo.

Alikaa huko mpaka magharibi. Alirudi na muhogo mbichi kwenye mfuko na hakusema kitu. Bahasha alirudi nayo pia. Ameiacha kadi, bahasha ameirudisha, sikuthubutu kuuliza.

Siku yenyewe uwanja ulikuwa kama kamba ya nguo ya mji mzima. Hilo sikuwa nimelifikiria nilipokaa na rula yangu: kwamba kadi moja ikisema kitu, wageni mia watajibu, kila mmoja kwa kanga yake, na kila anayepita mezani anasomwa. Watu walikuwa wanainama kusoma migongo ya wenzao. Mjomba alikuja na kofia ya kanga iliyokatwa vibaya na fundi, jina limebaki nusu, mbele ya paji la uso imeandikwa SIKATI.

Shangazi alifika wa mwisho mwisho, saa 11. Binamu mwenye mkasi alimwona akasimama wima. Kadi yake ilikuwa ya watu wawili, alikuja peke yake, akamwambia akate hivyo hivyo. Akapita moja kwa moja meza ya mbele, akambusu mama mkono, akaketi. Kanga yake ilikuwa mpya, bado ina ile gundi ya dukani, ya buluu na njano, na jina lilikuwa limeingia kwenye mkunjo wa kiti. Meza yetu nzima tulipindisha shingo. Dada aliangusha kijiko makusudi ili ainame. Aliona herufi mbili tu, R na I.

Tulisubiri hotuba, tukasubiri keki, tukasubiri dua. Shangazi hakuinuka. Ilipopigwa taarabu wanawake wakaenda kutunza, naye akatoa noti ya elfu kumi mkobani, akasimama, akajinyoosha nguo nyuma kwa kiganja taratibu, kama mwalimu anayefuta ubao, na akaanza kwenda kwa mama kwa madaha ya Tanga, mgongo akiwa ametuelekezea sisi. SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU.

Mama hakuwa ameliona, alikuwa anaangalia noti. Shangazi alipofika akageuka, akampa mgongo, akacheza pale pale mpaka mama akasoma lote. Mama alicheka mpaka akashika meza. Alimvuta shangazi kwa kanga, akamnong'oneza kitu, wakacheka wote wawili, machozi yakiwatoka, halafu mama akanitafuta kwa macho katikati ya watu.

"Mletee wifi yangu pilau," akasema. "Na ujaze, asije akasema."